Mjadala: Vyuo vyetu vifundishe grafiki kwa GIMP, au tuendelee na Photoshop ya kreki?

Mleta mada (steshenari, Dodoma)

Wadau, salaam.

Mwezi uliopita alikuja kwangu kijana aliyetoka kumaliza kozi ya grafiki ya miezi sita, anatafuta pa kujishikiza. Nikampa kazi tunayoifanya hapa kila siku: picha ya pasipoti ya mama mmoja, nywele kazifumua, nyuma yake ukuta wenye madoa, na anataka nyuma iwe bluu. Kompyuta niliyomkalisha ina GIMP tu, programu ya kuhariri picha isiyolipiwa. Kijana akaitazama skrini kama dakika nzima, kisha akasema, "Bosi, hii siijui. Mimi nimefundishwa Photoshop." Nikamuuliza kama hiyo Photoshop ya chuoni ilikuwa imelipiwa. Hapana, ilikuwa ya kreki. Mwalimu aliwagawia kwenye fleshi, na maelekezo ya kwanza ubaoni yalikuwa kuzima antivirasi na kuchomoa intaneti kabla ya kuiweka.

Chuo sikitaji, maana hakiko peke yake. Wengi wetu hapa tumejifunza hivyo hivyo.

Hoja yangu ni hii. Vyuo vya ufundi na vituo vya mafunzo vinavyoendeshwa kwa fedha za umma vianze kufundisha uhariri wa picha kwa programu huria: GIMP kwanza, na pembeni yake Inkscape ya kuchorea na Scribus ya kupangia kurasa. Photoshop ije baadaye, kwa leseni halali, kwa mwanafunzi anayekwenda kwenye kazi inayoihitaji kweli.

Kwa wasioijua, GIMP si kitu cha jana. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na toleo la kwanza likawafikia watu mapema 1996. Photoshop ni kaka yake. Waliitunga ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na kampuni ya Adobe ikaanza kuiuza Februari 1990. Kwa zaidi ya miaka ishirini ulikuwa unainunua mara moja inakuwa yako. Mei 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya yatakuwa ya kulipia kama kodi ya chumba. Toleo la CS6 la mwaka 2012 likawa la mwisho kuuzwa moja kwa moja.

Tupige hesabu. Kwa bei ya Marekani, Photoshop peke yake ni dola 22.99 kwa mwezi, tena ukifunga mkataba wa mwaka mzima. Weka dola moja kwa shilingi 2,500: ni shilingi 57,475 kila mwezi, karibu laki saba kwa mwaka, na hapo hujagusa programu nyingine hata moja. Najua wanafunzi wana punguzo. Punguzo hilo linaisha na uanafunzi, na kijana anabaki na ujuzi uliofungwa ndani ya kitu asichoweza kukilipia. Afanye nini? Anarudi kwenye ile fleshi ya mwalimu.

Ndiyo maana nasema tunabishana vibaya kila mara jambo hili linapoibuka. Watu hulinganisha GIMP na Photoshop iliyolipiwa. Kwenye meza nyingi za Dodoma, Mbeya, Kigoma, mashindano hayo hayapo. Mashindano ni kati ya GIMP na Photoshop ya wizi. Na ukiilinganisha na ya wizi, lazima uhesabu na gharama ya wizi wenyewe.

Mimi nimeilipa. Nilitumia kreki miaka minne. Asubuhi moja nimefungua mashine nakuta kila faili limeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, na ndani ya kila folda kuna barua ya Kiingereza inayodai fedha. Vile virusi vya kudai fidia. Humo mlikuwa na kadi za mwaliko wa harusi ya Jumamosi, kadi 280, kila moja na jina la mwalikwa wake. Siku ilikuwa Jumatano. Baba wa bwana harusi alirudi na lile daftari la michango, mke wangu akawa anasoma majina, mimi naandika, mpaka saa tisa usiku, siku mbili mfululizo. Nilipofika kwenye "Bw. na Bi." ya mia mbili macho yalikuwa hayaoni tena. Fundi aliyeisafisha mashine aliniambia mlango ulifunguliwa na ile programu ndogo ya kukrakia, ambayo mimi mwenyewe niliizimia antivirasi kwa mkono wangu. Picha za wateja za miaka minne hazikurudi mpaka leo.

Jambo la mwisho ni la lugha. Kiingereza kina neno moja tu, "free", kwa vitu viwili, ndiyo maana tangu Richard Stallman atangaze mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983 wenzetu wanatumia muda mrefu kueleza kwamba hawazungumzii bei. Sisi tuna *bure* na tuna *huria*. Kreki ni bure, lakini si huria hata kidogo. GIMP ni bure na ni huria: leseni yake, GPL, inamruhusu mwalimu kuinakili kwa darasa zima, mwanafunzi akaenda nayo Nachingwea kwenye fleshi, mdogo wake akaifungua ndani akaibadilisha. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao waliichukua OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, wakaitoa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kupiga magoti kwa kampuni yoyote, kwa sababu leseni ilikuwa imesharuhusu.

Naomba kuwasilisha. Nipingeni kwa hoja.

Mpiga chapa, Mwanza

Mkuu, pole sana kwa zile kadi. Nimeshawahi kuona kazi ya mtu ikipotea hivyo, najua usiku huo ulivyo.

Lakini mimi nimekaa upande wa pili wa kaunta. Nyinyi mnatengeneza, mimi nachapa. Na kazi za GIMP zikija kwangu huwa nashusha pumzi.

Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani, bluu (RGB). Mashine yangu inatengeneza rangi kwa wino nne: sayani, majenta, njano na nyeusi (CMYK). Ile bluu kali inayong'aa kwenye skrini haipo kwenye wino. Ukiilazimisha inatoka zambarau. Vijana wa kwaya moja waliniletea kipeperushi cha uzinduzi wa albamu, bluu tupu kutoka juu mpaka chini, nakala elfu mbili. Nikawaonya, wakasema "chapa tu, muda hakuna". Kilipotoka wakaniambia nimewaharibia kazi. Nimewaharibia wapi? Faili lilikuwa la RGB, halikuonyeshwa wino hata siku moja katika maisha yake.

Halafu kuna weusi, na huo ndio unaoniudhi kuliko bluu. Herufi nyeusi ya RGB ikigeuzwa kuwa CMYK haitoki kwa wino mweusi peke yake, inachanganywa na wino zote nne. Kwenye kichwa cha habari kikubwa huoni tofauti. Kwenye namba ya simu ya pointi 7 chini ya kipeperushi, pleti (bamba za kuchapia, moja kwa kila wino) zikipishana unene wa unywele tu, kila herufi inaota kivuli cha pinki upande mmoja na cha bluu upande mwingine. Mteja anasema mashine yangu mbovu.

Photoshop inageuza faili zima kuwa CMYK, unafanya kazi humo humo, unaangalia kila wino peke yake. GIMP miaka yote haina hali hiyo. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, miaka saba kasoro mwezi mmoja tangu 2.10 ya Aprili 2018, na bado unahariri kwa RGB, CMYK unaipata wakati wa kutoa faili tu. Sasa unataka vyuo vya serikali vizalishe vijana elfu kwa mwaka wasioujua wino? Mzigo wote huo utatua kwangu.

Dizaina, Nairobi

Habari zenu nyote. Mimi ni mlipaji halali, kwa hivyo nitaongea kama mlipaji.

Ninafanya kazi na wateja walio nje ya Kenya. Wananitumia faili la PSD (faili la Photoshop) lenye leya, yaani tabaka za picha, mia moja na kitu, zimepangwa kwa makundi, kuna nembo zilizopachikwa kama faili ndani ya faili ili ukibadilisha moja zibadilike zote. Nikifungua faili kama hilo kwa GIMP, nembo zile zinageuka picha tu, ile akili ya ndani inapotea. Siwezi kumrudishia mteja kazi ikiwa imevunjwavunjwa nimwambie "hii ni huria". Atatafuta mtu mwingine, na hatanieleza sababu.

Pia hesabu yako ina upande mwingine, ndugu yangu. Kukata nywele za yule mama wa pasipoti, Photoshop huzitambua kwa kubofya mara moja kisha nasahihisha kingo. Kwa GIMP ni kukaa na brashi. Tangu 2023 ukitaka kuongeza ukuta au anga iliyokatwa, unaandika maneno na inajaza yenyewe. Nikiokoa saa moja kwa siku, hiyo ada ya mwezi inarudi kabla ya wiki kuisha. Na malipo si shida tena kama zamani. Huku tuna kadi ya Visa ya M-Pesa tangu 2022, sihitaji hata kwenda benki.

Kijana akija kwangu na CV yenye GIMP peke yake, sitamwita kwa mahojiano. Si roho mbaya. Sina wiki tatu za kumfundisha upya huku kazi zinangoja.

Mleta mada

Mpiga chapa, kwenye wino umenishinda, nakubali bila kuzungukazunguka. GIMP si programu ya kumalizia kazi ya ofseti (uchapaji wa pleti), na anayefundisha kana kwamba ni hiyo anawadanganya wanafunzi.

Ila tazama kosa lilipo. Namba ya simu ya pointi 7 haikupaswa kuwa ndani ya programu ya picha, hata ingekuwa Photoshop. Maandishi yanapangwa kwenye programu ya kurasa. Ndiyo maana niliandika Scribus kwenye hoja yangu. Scribus inafanya kazi kwa CMYK na inatoa PDF ya uchapaji. Unahariri picha kwenye GIMP, unaipeleka Scribus, unaandika maneno yako humo kwa rangi nyeusi ya wino mmoja, asilimia 100, zile nyingine sifuri. Herufi inatoka kavu. Na bluu, GIMP ina kitufe cha kukuonyesha makisio ya rangi itakavyotoka kwenye karatasi, ukiipa profaili ya mashine, yaani faili linaloeleza rangi zake. Wale wanakwaya hawakukosa Photoshop. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba skrini na wino ni vitu viwili. Kijana wangu wa miezi sita naye nilimuuliza CMYK ni nini. Akaniambia ni "ile sehemu ya kuchagua rangi". Huyo alifundishwa Photoshop.

Dada (au kaka) wa Nairobi, wewe unalipa, na mimi sina neno na anayelipa. Kazi yako inakuingizia fedha za nje, lipa ada, endelea. Ninachouliza ni kama ujuzi wa kijana wa kwanza kabisa, ambaye hajapata hata mteja mmoja, ujengwe juu ya kitu ambacho ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Kwa sababu ufunguo huo umeshazungushwa. Oktoba 2019 Adobe iliwatangazia watumiaji wote wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa, kwa sababu ya amri ya rais wa Marekani ya vikwazo. Baadaye mwezi huo huo kampuni ikapata kibali, huduma ikabaki. Lakini fikiria zile wiki za katikati: dizaina wa Caracas hajaiba, hajadaiwa, amelipa kila mwezi, na anasoma barua kwamba chombo chake cha kazi kinaondoka kwa ugomvi wa serikali mbili. Mwishoni mwa 2022 watu walifungua faili zao za zamani wakakuta rangi za Pantone (rangi za uchapaji zenye namba maalum) zimegeuka nyeusi, mpaka walipie huduma nyingine pembeni. Faili zao wenyewe! Na Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani, ikidai kwamba ilificha ada ya kuvunja mkataba wa mwaka mapema. Hao ni wateja wa kwao, wenye wanasheria. Kijana wa Singida akikatwa ada hiyo kwenye kadi ya simu atamlalamikia nani?

Kuhusu miaka saba ya GIMP 3.0: ndiyo, ni mingi. Walioibeba ni watu wachache wanaojitolea.

Mpiga picha, Unguja

Mtaniruhusu niingize la wapiga picha. Sisi tulikuwa na mpango wa dola 9.99 kwa mwezi, Photoshop na Lightroom (ya kupanga na kusafisha picha) pamoja, na kwa bei hiyo mtu alikuwa anaacha kreki kwa hiari yake. Januari 2025 ukafungwa kwa wateja wapya. Mwanafunzi wangu alikuwa anaweka akiba aingie, akakuta mlango umekomewa, uliobaki ni wa bei kama mara mbili. Sasa yuko kwenye programu huria ya darktable kwa picha ghafi na GIMP kwa kusafisha. Ngozi za watu weusi kwenye mwanga wa jioni Forodhani anazitoa vizuri kabisa. Kasi hana bado.

Mwalimu wa kompyuta, Morogoro

Naomba nisimame upande wa darasa, maana wote mnaongea kutoka ofisini.

Darasa langu lina kompyuta kumi na nane zinazowaka. Nyingi zina RAM ya GB 4. Adobe wenyewe wanataka GB 8 kama kiwango cha chini, na wanapendekeza 16. Kwa hiyo mjadala wa Photoshop mpya kwangu ulikwisha kabla haujaanza. Walimu wanaofundisha "Photoshop" kwenye mashine hizi wanafundisha CS6 ya 2012 au ya zamani zaidi, na ni ya wizi. Mwanafunzi anatoka akijua vitufe vya miaka zaidi ya kumi iliyopita, halafu dada wa Nairobi anamkataa vilevile.

Ninachofundisha mimi ni mambo ambayo hayana chapa. Leya ni nini. Namchorea mwanafunzi kwa karatasi tatu za plastiki zile za kufunikia madaftari: ya chini naipaka rangi, ya kati nachora mtu, ya juu naandika jina. Anaziinua moja moja kwa mkono wake. Kisha maski: naweka karatasi nyeusi yenye tundu juu ya mtu, anaona kwamba mtu hajakatwa, amefichwa tu, na akisogeza karatasi anarudi. Akielewa hapo, nampeleka kwenye GIMP, ni leya zile zile, maski ile ile. Mwanafunzi wangu mmoja alipata kazi kwenye duka la mabango linalotumia Photoshop. Alinipigia baada ya siku nne: "Mwalimu, ni ile ile, vitufe tu vimehama."

Siku nne, dada. Wiki tatu hazijafika.

Na si jambo la kubuni. Jimbo la Kerala kule India, shule za serikali zinafundishia programu huria tangu miaka ya 2000, watoto wanachora kwa GIMP na Inkscape vikiwa ndani ya vitabu vya kiada. Ni jimbo lenye watu zaidi ya milioni 30. Kama wao wameweza kwa darasa la watoto, sisi tunashindwaje kwa vyuo vya ufundi?

Angalizo moja kwa watakaoanza leo: pakueni GIMP kutoka tovuti yake yenyewe, gimp.org. Mwaka 2015 SourceForge, tovuti ya kupakulia programu iliyokuwa ikiaminiwa na wengi, ilikutwa imefungasha matangazo ya takataka pamoja na GIMP ya Windows. Wezi wako kila mahali.

Kijana, Arusha

Wakubwa shikamooni. Mbona mnasahau ya katikati? Affinity. Ni programu ya grafiki, ilikuwa ya kununua mara moja, ya kampuni ya Serif ya Uingereza. Canva wakainunua 2024, na Oktoba 2025 wakaitoa bure kabisa. Ina CMYK, inafungua PSD vizuri. Kuna na Photopea, ya kuhariri picha ndani ya kivinjari, huhitaji kuweka kitu chochote. GIMP ya nini tena?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Itumie, mimi mwenyewe Photopea huwa nakimbilia mteja akiniletea PSD. Lakini rudi kwenye yale maneno mawili: hizo ni bure, si huria. Affinity imebadilisha mwenye mali na bei ndani ya miaka miwili. Safari hii bei imeshuka, tunashukuru. Ikipanda, mtaala wa chuo utabadilishwa na nani, na kwa fedha gani? Programu ya biashara ya mtu mwingine ni sawa kwangu mimi na wewe, tunaweza kuhama kesho. Chuo hakihami kesho. Chuo kikichagua kinakaa miaka kumi.

Na msidhani huria maana yake ni kubaki nyuma milele. Blender, programu ya kutengenezea katuni, ilikuwa mali ya kampuni iliyokufa. Mwaka 2002 Ton Roosendaal akachangisha euro 100,000 kwa watu wa kawaida ili msimbo wake ukombolewe, zikapatikana ndani ya wiki saba. Machi 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ikashinda Oscar. Kinachoitofautisha na GIMP ni fedha za kuwalipa watu wakae nayo kutwa. Wizara zetu zikiacha kununua leseni hata mia moja, zikatenga sehemu ya fedha hiyo kumlipa kijana mmoja wa Kitanzania ashughulike na CMYK ndani ya GIMP, mpiga chapa wa Mwanza atafaidika, na wa Lima naye atafaidika.

Dizaina, Nairobi

Mwalimu wa Morogoro, hizo karatasi za plastiki zimenigusa. Nilijifunza leya kwa kuharibu kazi za watu, hakuna aliyenichorea. Narekebisha kauli yangu: kijana akija na GIMP, lakini aniletee faili lenye leya zilizopewa majina na maski safi, nitamwita. Kwa PSD za wateja bado sibanduki Photoshop, na chuo kisimwambie mwanafunzi kwamba hatakutana nayo. Atakutana nayo siku ya kwanza.

Mpiga chapa, Mwanza

Nimerudi. Sikutaka kubishana kwa mdomo tu, kwa hiyo jana nilimwomba kijana wangu wa kompyuta afanye kama mleta mada alivyosema. Kalenda ya ukurasa mmoja ya duka la vifaa vya ujenzi: picha imehaririwa GIMP, maandishi na tarehe Scribus, PDF kwenda kwenye pleti.

Tarehe zimetoka safi. Nimeziangalia kwa ile lenzi ya kuhesabia nukta, nyeusi ni wino mmoja, hakuna kivuli hata kwenye namba ndogo za mwezi uliopita. Hapo nimenyamaza.

Picha ndiyo ina kasoro. Mabati ya bluu yamepauka kuliko kwenye sampuli yangu ya Photoshop, na kijana alitumia saa mbili na nusu kwa kazi ya dakika arobaini. Saa nzima katika hizo aliimalizia kutafuta mahali pa kuweka profaili ya rangi, maana hakuna aliyewahi kumwambia kitu hicho kipo, na yeye ana cheti cha grafiki ukutani.

Mwalimu, kama una maelezo ya profaili uliyoyaandika kwa Kiswahili, niwekee hapa. Leo jioni anarudia.